Ngozi na Maji Kwanza, Dawa Baadaye: Ushauri kwa Wafugaji wa Vyura Lubumbashi

Chura mmoja akifa katika tangi lenye vyura ishirini, wengi hutupa mzoga, humwaga maji, huweka mengine na kuendelea na kazi. Kesho yake wawili wanakataa kula. Keshokutwa watatu wamelala chini ya maji, mapaja yamekuwa mekundu, na kabla wiki haijaisha wamebaki watano. Hapo ndipo mtu hukimbilia duka la dawa za mifugo, ananunua kiuavijasumu chochote kilichopo na kukimimina ndani ya maji. Siku mbili baadaye hata wale watano hawapo.

Nawaandikia ninyi mnaofuga vyura mjini Lubumbashi: walimu wa biolojia, wanafunzi wa sayansi na wa udaktari wa mifugo, watunzaji wa maabara, na yeyote mwenye vyura kwenye beseni au tangi nyumbani. Wafugaji wa kambale na tilapia nao wasikilize, kwa kuwa bakteria ninaowazungumzia ni walewale wanaoua samaki wao. Ninalotaka mlishike ni hili: bakteria wanaoua vyura wenu hawakuja jana. Wamo majini siku zote, wamo matumboni mwa vyura wazima, wamo kwenye utelezi wa kuta za tangi. Kilichobadilika siku ya mlipuko ni chura mwenyewe, aliyepoteza kinga yake kwa sababu ya maji machafu, baridi, msongamano au mikono yetu. Anayeanza na dawa huanzia mwisho wa kazi.

Ugonjwa wa miguu myekundu

Ugonjwa huu unajulikana tangu zamani. Mwaka 1905 madaktari wawili wa Marekani, Haven Emerson na Charles Norris, walichapisha maelezo yake ya kina na kuuita ugonjwa wa miguu myekundu, kwa sababu ya damu inayovilia chini ya ngozi ya mapaja na tumbo. Bakteria anayetajwa zaidi ni Aeromonas hydrophila, mkazi wa kawaida wa maji baridi, mito na madimbwi ya dunia nzima.

Ili kuutambua, mshike chura kwa mkono uliolowa, mgeuze taratibu na utazame upande wa chini. Ngozi ya chura mzima ni safi, nyeupe au ya manjano, na mishipa midogo huonekana kwa mbali. Kwa mgonjwa utaona vidoa vidogo vya damu kwenye mapaja, kati ya vidole na kuzunguka tumbo. Baadaye vidoa vinaungana na paja lote linakuwa jekundu. Mwachie ndani ya maji: mzima hupiga mateke na kuzama mara moja, mgonjwa hukaa alipoachwa. Wengine huvimba maji mwili mzima, ngozi huchubuka vipande vipande, vidonda hutokea puani na kwenye vidole. Wengine hufa ghafla bila alama yoyote, na hao ndio wanaotangulia katika mlipuko mkali.

Kuna tahadhari hapa. Wekundu ni dalili, na dalili moja inaweza kuwa na wenyewe wengi. Bakteria wengine kama Pseudomonas, Citrobacter, Proteus na Elizabethkingia huleta picha ileile. Virusi vya kundi la ranavirus huvujisha damu chini ya ngozi vilevile. Kuvu anayeitwa Batrachochytrium dendrobatidis, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1999, naye hufanya ngozi iwe nyekundu na ibambuke. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa simu kwamba mapaja mekundu maana yake ni Aeromonas, mshukuru, kisha tafuta uthibitisho.

Chura hubeba dawa yake mwilini

Mwaka 1987 mtafiti Michael Zasloff alieleza jambo lililotokea katika maabara yake Marekani. Alikuwa akiwapasua vyura wa jamii ya Xenopus, wale wenye kucha nyeusi kwenye vidole vya miguu ya nyuma, ili kutoa mayai. Baada ya kuwashona aliwarudisha katika maji yaliyojaa vijidudu, na vidonda vyao vikapona bila usaha. Alipochunguza akakuta ngozi ya chura hutengeneza protini ndogo zinazoua bakteria, akaziita magainin. Ngozi hiyohiyo ndiyo chura anayovutia maji na chumvi, na kwa sehemu kubwa hewa pia. Ute wake ni ukuta wa kwanza wa ulinzi.

Ukilielewa hilo, ushauri mwingine wote unafuata wenyewe. Mkono mkavu huubandua ute. Sabuni iliyobaki kwenye vidole huuchoma. Wavu wa nyuzi ngumu huuchubua. Amonia iliyojaa majini huuunguza, na klorini pia. Kila mchubuko ni mlango, na Aeromonas wako nje wanangoja.

Basi mshikeni chura kwa glovu laini zisizo na poda, zilizosuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe. Tumieni wavu laini usio na mafundo. Ondoeni mawe yenye ncha, matofali yaliyovunjika na mabomba yaliyokatwa vibaya. Punguzeni kumshikashika. Mwalimu anayetaka wanafunzi arobaini wamwone chura, amweke kwenye chombo cha kioo chenye maji na apitishe chombo, chura asitoke mkono hadi mkono.

Maji ya Lubumbashi

Mji wetu una shida zake za maji, na mfugaji lazima azijue moja moja.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili watu wasiugue kipindupindu, nayo ni kazi njema, lakini klorini hiyohiyo huharibu ngozi ya chura na kuua bakteria wazuri wa kichujio. Yaweke kwenye pipa wazi kwa saa 24 au zaidi, ukiyakoroga au ukipuliza hewa kwa pampu ndogo, ndipo uyatumie. Kama unaweza kupata sodiamu thayosalfati kwenye duka la kemikali au la samaki wa mapambo, huondoa klorini papo hapo. Tumia vijiti vya kupimia. Usiamini pua, kwa sababu maji yasiyonuka yanaweza bado kuwa na klorini ya kumdhuru chura.

Maji ya kisima au ya bomba la kuchimba hayana klorini, ila yana mambo mengine. Yakitoka ardhini huwa na oksijeni kidogo, na pampu yenye mwanya huweza kuyajaza gesi kupita kiasi. Gesi hiyo hutengeneza viputo ndani ya mishipa na kwenye utando wa vidole vya chura, na mahali penye kiputo bakteria hupata makao. Hata maji haya basi yapumzike kwenye pipa na kuchanganywa na hewa. Pima pia tindikali: kwa vyura wengi wa majini pH kati ya 6.5 na 8.5 inafaa, na kilicho muhimu zaidi ni kwamba isiruke kutoka siku moja hadi nyingine.

Kuhusu mito, nasema bila kuzunguka: msichote maji ya vyura kwenye Kafubu, Naviundu wala mto Lubumbashi. Mito hii imepokea kwa miaka mingi maji taka ya uchimbaji na uyeyushaji wa madini. Shaba ni sumu kali kwa viluwiluwi hata ikiwa kidogo sana, na kwa wazima hudhoofisha ngozi. Kwa sababu hiyohiyo msitumie mabomba na viunganishi vya shaba, tumieni plastiki. Wala msichimbe nyungunyungu wa kulisha vyura katika mitaa iliyo kaskazini-magharibi ya bomba kubwa la moshi la mji, ambako upepo uliangusha vumbi la shaba kwenye udongo kwa miongo mingi. Nyungunyungu hula udongo, chura humla nyungunyungu.

Kisha kuna baridi. Watu wa mbali hudhani Kongo yote ni joto, lakini sisi tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto hushuka chini ya nyuzi 10. Beseni lililowekwa kwenye sakafu ya saruji karibu na dirisha hupoa usiku kucha, na mchana jua likilipiga joto hupanda haraka. Kinga ya chura huenda na joto la mwili wake, na mwili wake hauna joto isipokuwa la maji. Yakipoa, kinga hulala. Yakipata joto tena, bakteria huamka upesi na kinga huchelewa. Ndiyo maana vipindi vya kuogopa zaidi ni wakati joto linaruka: asubuhi za kiangazi, na wiki za mwezi wa tisa na wa kumi hali inapobadilika kabla ya mvua.

Tundika kipimajoto ndani ya kila tangi, ukisome asubuhi na jioni. Kwa Xenopus lenga nyuzi 18 hadi 22, na mabadiliko ya siku yasizidi nyuzi 2 au 3. Inua tangi kutoka sakafuni kwa mbao, lifunike kando kwa povu au katoni, na ongeza wingi wa maji, kwa sababu maji mengi hupoa polepole. Mpango huu hautegemei umeme, na kwa mji ambao umeme hukatika mara kwa mara, hilo si jambo dogo. Unapobadilisha maji, maji mapya yawe yamelala chumba kimoja na vyura ili joto lake liwe sawa.

Nafasi na chakula

Vyura wengi katika chombo kidogo huchafua maji, hukwaruzana kwa kucha na kugombania chakula. Kanuni za Ulaya za wanyama wa maabara, za mwaka 2010, zinamtaka Xenopus mwenye urefu wa sentimita 6 hadi 9 apate angalau sentimita za mraba 300 za uso wa maji, na sentimita za mraba 75 zaidi kwa kila mwenzake anayeongezwa, kina kisipungue sentimita 8. Hicho ni kiwango cha chini kwa wenye vichujio na wataalamu. Ninyi mnaobadilisha maji kwa ndoo, mpeni kila chura mkubwa lita 4 au zaidi, na mtalala usingizi.

Uchafu mkubwa wa tangi ni chakula. Vipande vya maini ya ng'ombe vilivyobaki usiku mmoja hulisha bakteria kuliko vyura. Lisha wazima mara mbili au tatu kwa wiki, kiasi wanachomaliza kwa nusu saa, kisha ondoa mabaki kwa wavu. Chura humeng'enya na kutoa taka saa chache baada ya kula, kwa hiyo wakati mzuri wa kubadilisha maji ni saa tatu au nne baada ya chakula. Ukibadilisha maji kabla ya kulisha umefanya kazi ya bure.

Kama una kichujio, usikioshe kwa maji ya bomba wala kubadilisha sifongo zote siku moja. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitriti na kisha naitreti wanaishi humo, na ukiwaua, amonia itapanda ndani ya siku chache. Kipimo cha amonia kiwe karibu na sifuri kila wakati. Kikiwa juu, badilisha sehemu ya maji leo hii, punguza chakula, na utafute sababu.

Siku ya kwanza ya mlipuko

Kifo kimoja ni onyo. Vifo viwili ndani ya siku tatu katika tangi moja, au mmoja aliyekufa na mwingine mwenye wekundu, uhesabu kuwa mlipuko na ufanye yafuatayo kwa mpangilio huu.

Kwanza, funga milango. Hakuna chura anayehama tangi, hakuna anayeingia, hakuna anayetoka kwenda darasani au kuuzwa. Watu wengi hufanya kinyume: wakiona tangi moja linakufa, huwahamisha waliosalia kwenye tangi la jirani ili kuwaokoa, na kwa mkono wao wenyewe huwapelekea jirani ugonjwa.

Pili, watenge wagonjwa. Kila mwenye dalili awekwe peke yake katika chombo kidogo chenye maji safi, mahali penye utulivu na kivuli. Waliokaa naye lakini hawana dalili wabaki katika tangi lao. Hao ni kundi la kuchunguzwa, wasichanganywe na wengine.

Tatu, pima maji kabla ya kuyamwaga. Hili watu hulisahau katika haraka. Joto, pH, amonia, naitriti na klorini viandikwe kwanza, kwa sababu ukimwaga maji umemwaga ushahidi wa kilichowaangusha vyura. Chota chupa moja safi uihifadhi kwenye ubaridi. Kisha badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyopumzika ya joto lile lile, na rudia kila siku. Kubadilisha yote kwa mpigo humpa chura aliyedhoofika pigo la pili.

Nne, panga njia ya kazi. Kila asubuhi anza na tangi la wazima, kisha la wanaochunguzwa, mwisho la wagonjwa, na usirudi nyuma. Kila tangi liwe na wavu wake, ndoo yake na glovu zake, zilizowekwa alama kwa rangi au namba. Mtu mmoja awahudumie wagonjwa. Kama haiwezekani, abadilishe koti na anawe mikono kabla ya kugusa kitu kingine.

Tano, safisha kwa utaratibu. Maji ya javeli hayaui bakteria waliojificha ndani ya utelezi, kwa hiyo sugua kwanza kwa brashi mpaka kuta zisiteleze tena, suuza, ndipo utie dawa. Sehemu moja ya javeli ya kawaida kwa sehemu tisa za maji, iache dakika 15. Suuza mara kadhaa mpaka harufu iishe, kisha anika juani mpaka vikauke kabisa. Nyavu na ndoo zipite njia hiyo hiyo. Maji ya tangi la wagonjwa yatiwe javeli kabla ya kumwagwa, na yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea dembo (bonde la majimaji) au bwawa la samaki.

Sita, andika. Daftari la mistari linatosha: tarehe, tangi, waliokula, waliokataa, waliougua, waliokufa, joto, amonia, nani alihudumia. Baada ya siku kumi daftari hilo litakuonyesha lilikoanzia tatizo vizuri zaidi kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Mzoga una habari, ila kwa saa chache tu

Chura aliyekufa usiku na kukaa majini mpaka mchana hana faida kubwa kwa maabara. Bakteria wa tumbo lake wameshaenea mwilini, na Aeromonas atakayeota kwenye sahani anaweza kuwa mgeni aliyeingia baada ya kifo. Kinachofaa ni chura aliyekufa sasa hivi, au aliye mahututi ambaye daktari anaamua kumpumzisha kwa dawa ya usingizi iliyopimwa. Msimwue kwa kumtia kwenye friji akiwa hai, ni kumtesa.

Mweke mzoga kwenye mfuko safi, mfuko juu ya barafu ndani ya kopo, na upelekwe siku hiyo hiyo. Usiugandishe, kwa kuwa kugandisha hupasua nyama na kuharibu uchunguzi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa mifugo, na hapo ndipo pa kuanzia kuuliza. Omba mambo matatu: damu ya moyo ioteshwe, bakteria atakayepatikana ajaribiwe dhidi ya dawa mbalimbali, na kipande cha ini, figo na ngozi kihifadhiwe kwenye fomalini kwa uchunguzi wa darubini. Mzoga uliobaki uchomwe, au uzikwe shimo la mita moja lenye chokaa, mbali na kisima.

Sasa tuseme dawa

Kitu cha kwanza cha kumpa mgonjwa ni chumvi. Kwa Xenopus wazima, gramu 5 za chumvi katika kila lita ya maji, kwa muda usiozidi siku tatu, huku maji yakibadilishwa kila siku, humsaidia chura aliyevimba na aliyechubuka kushika chumvi za mwili wake, na huwabana baadhi ya vijidudu vya ngozi. Pima kwa mizani, si kwa kiganja. Viluwiluwi wasiwekwe humo.

Kuhusu viuavijasumu, jueni kwanza ambacho hakitafanya kazi. Amoksisilini na ampisilini, ambazo ndizo rahisi kupatikana, hazimwezi Aeromonas hydrophila; ana kimeng'enya chake cha asili cha kuzivunja. Kuzitumia ni kupoteza siku ambazo chura hana. Tetrasaiklini iliyomwagwa tangini huharibiwa na mwanga, haimfikii mgonjwa asiyekula kwa kipimo kinachojulikana, na huua bakteria wazuri wa kichujio. Gentamaisini inaweza kumponya chura huku ikimharibu figo.

Madaktari wa vyura mara nyingi huchagua enrofloksasini, miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Hesabuni pamoja nami. Chura wa gramu 60, kwa miligramu 10 kwa kilo, anahitaji miligramu 0.6 tu. Dawa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika mililita moja, kwa hiyo kipimo chake ni mililita 0.006. Chukua sindano ya insulini, ile nyembamba kuliko zote, uitazame karibu: mstari mmoja mdogo ni mililita 0.01. Kipimo cha chura hakifikii hata mstari mmoja. Anayekisia kwa jicho humpa mara tano au mara kumi ya anachostahili. Isitoshe, enrofloksasini ya kunywesha kuku si ya kuchoma sindano. Dawa lazima ichanganywe na mtaalamu, chura apimwe kwenye mizani ya gramu, na matibabu yafuate majibu ya maabara, yaendelee siku zote zilizoagizwa hata kama wekundu umeisha.

Jambo hili linatuhusu na sisi wanadamu. Enrofloksasini ni ndugu wa siprofloksasini, ambayo hospitali zinaitegemea kwa homa ya matumbo. Kila tangi la dawa linalomwagwa mtaroni hufundisha bakteria wa mji kuishi nayo. Anayetibu vyura kumi kwa kipimo sahihi anafanya kazi ya daktari. Anayemwaga chupa nzima ndani ya bwawa anawakopa wagonjwa wa kesho.

Ugonjwa usiotibiwa

Kuna mlipuko wa polepole unaodanganya. Chura anakula lakini anakonda. Mifupa ya nyonga inatokeza. Kidonda kimoja hakifungi kwa miezi. Ukimpasua unakuta vinundu vyeupe kwenye ini na wengu. Shuku bakteria wa jamii ya kifua kikuu. Mmoja wao, Mycobacterium xenopi, alielezwa mwaka 1959 kutoka kwenye kidonda cha chura wa Xenopus, na baadaye ikajulikana kuwa huweza kushambulia mapafu ya watu. Mwingine, Mycobacterium marinum, huingia kwenye mkono wenye mchubuko na kuacha vinundu vinavyochukua miezi kupona.

Kwa kundi lenye ugonjwa huu ushauri wa kweli ni mgumu: msitibu. Wagonjwa na waliokaa nao wapumzishwe na daktari, vyombo vya mbao na sifongo vichomwe, na vilivyobaki visuguliwe na kutiwa dawa kali atakayoshauri daktari, kwani bakteria hawa hustahimili javeli kuliko wenzao. Mwenye kidonda mkononi asiguse tangi bila glovu. Mwenye kinga dhaifu ya mwili asifanye kazi hiyo kabisa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kugusa chura yeyote, kwa kuwa hata aliye mzima hubeba salmonela.

Wageni wakae pembeni

Milipuko mingi huingia kwa miguu ya mgeni. Chura aliyevuliwa jana kwenye dembo ana hofu, ana michubuko ya wavu, na amebanwa na wenzake kwenye ndoo chini ya jua. Humfikia mfugaji akiwa tayari amedhoofika. Mweke chumba kingine, na vyombo vyake, kwa siku 30 angalau. 60 ni bora kwa wa porini. Mpime uzito kila wiki. Anayekula na kuongezeka uzito ataingia. Anayekonda hataingia, hata kama ana sura nzuri.

Na kitu kimoja nawaomba kwa moyo wote: msiwarudishe porini vyura waliobaki. Najua kishawishi cha kuwaachia kwenye kijito masomo yakiisha. Dunia imeshalipa gharama hiyo. Baada ya Lancelot Hogben kuonyesha, mwaka 1930, kwamba Xenopus hutaga akidungwa dondoo za homoni, vyura hawa walisafirishwa kutoka kusini mwa Afrika kwenda hospitali za mabara mengine kupima ujauzito. Waliotoroka au kuachiwa wakafanya makao huko, na wanasayansi wanachunguza mpaka leo jinsi biashara hiyo ilivyosaidia kueneza magonjwa. Katanga ina mbuga za Upemba na Kundelungu, ina vyura wasiopatikana kwingine. Kijidudu kinachovumilika kwenye beseni lako kinaweza kuwa maafa kwenye kijito chao.

Fanya haya wiki hii

Kama vyura wako ni wazima leo, huu ndio wakati. Nunua kipimajoto na vijiti vya kupimia amonia na klorini. Weka pipa moja la kupumzishia maji. Gawa nyavu, kila moja na tangi lake. Hesabu vyura, hesabu lita, na kama lita ni chache punguza vyura. Tenga chombo kimoja kitupu, kisafi, cha mgonjwa atakayekuja. Ulizia mapema daktari wa mifugo anayekubali kupokea chura, ili siku ya msiba usianze kutafuta namba. Fungua daftari na uandike mstari wa kwanza leo jioni.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofikia gharama ya kundi zima la vyura lililopotea, wala ya muhula wa mazoezi uliovunjika, wala ya dawa zilizonunuliwa kwa hofu. Anayefuga mnyama aliyemtoa kwenye dembo lake amejitwika jukumu la kumpa maji yasiyopungua ubora wa yale aliyomnyang'anya. Tukilitimiza hilo, ngozi ya chura itafanya kazi yake, na mara nyingi chupa ya dawa itabaki rafuni ikiwa haijafunguliwa.